Kimoja Juu: Kasimiri Beda na Pedali Zilizoungua

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 2024, kijijini Ilemba, katika jubilei ya miaka ishirini na mitano ya utawa wa Sista Cornelia, pedali tatu za gitaa la Kasimiri Beda ziliungua kwa mpigo mmoja.

Video zipo. Simu nyingi zilikuwa zinarekodi, na katika zote mambo ni yale yale. Akina mama wa kigango wanacheza kuelekea meza ya mtawa, vikapu vya ulezi vikiwa kichwani. Gitaa la solo linalia juu ya vyombo vingine vyote. Kisha unasikika mlio kama wa kitunguu kilichotupwa kwenye mafuta ya moto, na gitaa halipo tena. Mwenye mbuzi wa zawadi anasimama. Mbuzi anaendelea.

Katika video iliyopigwa na mtu aliyekuwa karibu na jukwaa anaonekana Kasimiri mwenyewe, akitazama moshi unaotoka miguuni pake kwa uso wa mtu aliyetukanwa na mgeni nyumbani kwake. Halafu anainua kichwa na kumkazia macho mpiga ngoma, kana kwamba ngoma ndiyo iliyofanya.

Kasimiri ana umri wa miaka hamsini na nne. Anaishi Kizwite, mjini Sumbawanga, na ana kibanda karibu na stendi ambako anachaji simu za watu, anauza adapta, nyaya, betri na kutoa ushauri. Ushauri ni wa bure na ndio unaotoka kwa wingi. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu MZEE WA MOTO. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kubishana naye.

Mwisho wa wiki yeye ni mpiga solo wa Bendi ya Lyamba, kundi la watu sita linalopiga kwenye harusi, komunio, jubilei na upadrisho. Ufipa, ambako kila ukoo una padri au mtawa, au unamtafuta, bendi ya namna hiyo haikai na vumbi. Kasimiri ameshika solo tangu mwaka 2005. Mpiga solo husimama mbele, upande wa kulia, mahali ambapo wageni huja kumtunza na wapiga picha hupenda kupatazama. Mkewe, Klementina, anasema nafasi hiyo imemwingia mwilini.

"Hata msibani anasimama mbele kulia," anasema. "Watu wanadhani yeye ndiye mfiwa."

Ni haki kusema kwamba anapiga vizuri. Vidole vyake ni vyepesi, sikio lake halidanganywi, na nyimbo za dansi za zamani anazicheza kwa adabu ambayo vijana wengi hawana. Kasoro yake inaanzia pale gitaa linapokutana na umeme.

Kuna desturi moja ya Sumbawanga ambayo mgeni hawezi kuielewa asipoelezwa. Miaka ya nyuma umeme wa mjini ulikuwa na kawaida ya kulegea kila jioni, watu wakianza kupika na kuwasha taa. Taa zilikuwa nyekundu kama makaa. Redio zilizotumia adapta badala ya betri zilianza kukoroma. Adapta za wakati ule, zile nyeusi nzito kama jiwe, zilikuwa na swichi ndogo ya kusogeza, yenye alama za volti: tatu, nne na nusu, sita, saba na nusu, tisa, kumi na mbili. Watu waligundua kwamba redio ya volti tisa ikikoroma, ukiisogeza swichi mpaka kumi na mbili, inapona. Wakauita mtindo huo kimoja juu. Bibi wa miaka sabini asiyejua volti ni nini alijua kimoja juu.

Dawa hiyo ilifanya kazi kwa sababu moja tu. Adapta ya aina ile haikuwa na kitu ndani cha kudhibiti inachotoa. Umeme wa ukutani ukishuka, nayo ilishuka, na swichi ikarudisha kilichopotea. Ilikuwa dawa ya ugonjwa fulani, wa mahali fulani, kwa saa fulani za jioni. Umeme wa ukutani ulipopata nguvu, wengi waliacha bila kuambiwa, kama mtu anavyovua koti jua likitoka.

Kasimiri hakuvua koti. Alilifanya sheria. Kwa hesabu zake, kila kifaa kinachoandikwa volti tisa kimeandikwa hivyo na mwoga fulani wa nchi za mbali, asiyeijua Ufipa, na kinangoja mwanamume wa kukipa kumi na mbili. Amewauzia watu adapta kwa sheria hiyo, akiwasogezea swichi yeye mwenyewe kabla ya kuifunga kwenye mfuko. Redio nyingi zilivumilia. Redio chache zilikufa. Zile zilizokufa, anasema, zilikuwa na maradhi mengine.

Pedali za gitaa si redio. Ni visanduku vya chuma vinavyokaa sakafuni mbele ya mpigaji, navyo hubadilisha sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye spika. Kimoja huikwaruza, kingine huipa mwangwi, kingine huifanya moja isikike kama nyingi. Karibu vyote hutumia volti tisa, na karibu vyote vina mchoro mdogo pembeni mwa tundu la waya unaoonyesha kwamba hasi iko katikati na chanya iko nje. Mchoro huo umewekwa mahali ambapo mtu mwenye macho na nia ataukuta. Kasimiri ana macho.

Mambo ya kuangalia ni matatu na hayahitaji chuo. Volti ya adapta ilingane na iliyoandikwa kwenye pedali, isizidi. Hasi na chanya zikae kama mchoro unavyosema. Ampea za adapta, yaani wingi wa umeme inaoweza kutoa, zisipungue zile ambazo pedali zote kwa pamoja zinahitaji. Zikizidi hakuna ubaya, kwa maana pedali huchukua kiasi inachohitaji na kuacha kingine. Volti ni msukumo, na msukumo haumuulizi mtu kama ameshiba.

Kasimiri aliyapindua mambo hayo kwa ukamilifu wa kustaajabisha. Volti nyingi alizipenda. Ampea nyingi alizikimbia.

Aliyemwambia kwanza ni Justa, mtoto wa mdogo wake, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mjini, ambaye kwenye bendi hupiga gitaa la rizimu. Justa si mtu wa kuonewa huruma katika habari hii. Anapenda kuwa sahihi kama watu wengine wanavyopenda nyama, na hajui kuficha utamu wake. Mwezi Julai, kwenye mazoezi uani kwa Flavian, kiongozi wa bendi na mpiga besi, alifika amejifunika koti na kitenge kwa baridi, mkononi ana mita ya kupimia umeme.

"Shikamoo, ba'mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na hicho kidude tena?"

"Ni mita."

"Mita ya nini? Tunapima kiwanja?"

Wenzao wakacheka. Justa akangoja wamalize, kama anavyongoja darasa.

"Tunapima adapta yako. Ichomeke."

Kasimiri akaichomeka, swichi ikiwa kwenye kumi na mbili, pale ilipokaa tangu alipoinunua. Justa akagusisha ncha mbili za mita. Namba ikapanda na kutulia kwenye kumi na saba.

"Imeandikwa kumi na mbili, inatoa kumi na saba," Justa akasema. "Adapta za namna hii zikipewa mzigo mdogo zinapanda. Pedali inataka tisa. Ba'mkubwa, unaipa karibu mara mbili."

"Mbona haijalalamika?"

"Haina mdomo."

"Ina mdomo. Ndio huo unaoimba, wewe unacheza nyuma yake."

Hapo walicheka zaidi, na Kasimiri, akijua ameshinda kicheko, akadhani ameshinda na hoja. Akaichukua ile mita, akaigeuza.

"Imetoka wapi?"

"Shuleni."

"Ndiyo maana. Imezoea kuona watu wakikosea."

Flavian alisema, "Jamani, tupige." Flavian ni mtu mwema anayependa amani kuliko jibu, na bendi nyingi hufa mikononi mwa watu wema wa namna hiyo. Wakapiga. Pedali zilifanya kazi siku ile, na Jumamosi iliyofuata, na mwezi mzima wa Agosti. Pedali ya kukwaruza sauti ilikuwa ya aina inayoweza kustahimili volti nyingi. Ile ya mwangwi haikuwa ya aina hiyo, ila ilikuwa imetengenezwa na mtu mwangalifu aliyeacha nafasi ya ujinga wa kiasi. Kasimiri aliishi ndani ya nafasi hiyo na kuiita maarifa.

"Sikia inavyopumua," alikuwa akiwaambia wateja kibandani, akiwachezea rekodi kwenye simu. "Hiyo ni kimoja juu. Wa volti tisa hawapati hiyo."

Ilemba, kijiji cha bondeni, ilikuwa na jenereta. Mwenye jenereta, Isdori, ni mkulima wa bondeni anayekodisha mashine hiyo kwa sherehe, na anakumbuka vizuri kilichotangulia moshi.

"Alinijia mwenyewe," anasema Isdori. "Akasema ongeza mafuta, sauti inalala. Nikamwambia mzee, balbu zinaniwakia nyeupe, siyo kawaida yake hizi. Akasema hiyo ndiyo afya."

Isdori akaongeza. Jenereta ikanguruma, umeme ukapanda, na ile adapta isiyodhibiti chochote ikapanda nayo. Kwa kukadiria kwa Justa, pedali zilikuwa zinapokea volti ishirini au zaidi wakati akina mama wa kigango walipofika katikati ya uwanja. Baadaye aliifungua ile ya mwangwi juu ya meza ya Flavian. Ndani, kapasita moja, kile kipipa kidogo kinachohifadhi umeme, ilikuwa imevimba na kupasuka kichwani. Ubavuni ilikuwa imeandikwa volti kumi na sita. Justa aliiacha wazi mezani siku nzima ili kila anayepita aione. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Kwa akina mama, jambo lenyewe lilichukua muda mfupi. Mmoja akapiga kigelegele, ngoma ikaendelea, wakaimba bila gitaa na kufika mezani kwa mtawa na ulezi wao. Sista Cornelia alicheza. Waliokuwapo wanasema sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Kasimiri alitoa sababu tatu katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa jenereta, akasahau kutaja aliyeiongeza mafuta. Ya pili ilikuwa vumbi la bondeni. Ya tatu aliitoa kibandani, kwa sauti ya chini, kwa mteja aliyekuja kuchaji simu: kuna mtu anaitaka nafasi ya solo, na ametuma radi ndogo. Sumbawanga imesingiziwa radi za kutumwa na Watanzania wa mikoa yote kiasi cha kutosha. Haikuhitaji mwenyeji kuja kuongeza moja ya kupita kwenye adapta.

Maneno ya kibandani hayalali kibandani. Yalimfikia Justa kabla ya jioni, na Justa akamfikia Flavian, na kwa mara ya kwanza tangu bendi ianze Flavian aliita kikao ambacho hakikuwa cha kupanga sare.

Kilifanyika uani kwake, mchana. Bendi ilikuwa imepata pedali nyingine tatu kutoka kwa mpigaji wa Kasesya, mpakani, aliyeacha muziki akaingia kwenye malori. Flavian aliziweka juu ya benchi, na kando yake akaweka adapta mpya, nyepesi, isiyo na swichi yoyote. Ilikuwa ya volti tisa zilizodhibitiwa, hasi katikati, ampea mbili.

Kasimiri aliinyanyua akaisoma. Akaiweka chini haraka.

"Ampea mbili? Mnataka kuchoma nyumba?"

"Ampea siyo shida, ba'mkubwa," Justa akasema. "Pedali zako zote kwa pamoja hazifiki hata nusu ya hiyo. Zitachukua zinachotaka."

"Nani kakwambia zitaacha? Wewe ukiwekewa sufuria la wali utaacha?"

"Mimi siyo pedali."

"Na mimi siyo mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ungekuwa umerudia darasa."

"Justa!" Flavian akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa amejiandaa usiku kucha na hakutaka kulisahau neno lake, akalisema lote kwa pumzi moja, akitazama benchi: "Kaka Kasimiri, hii ndiyo tutakayotumia. Ukichomeka nyingine yoyote, solo anakaa Justa. Siyo siku hiyo tu. Moja kwa moja."

Nestory, mpiga ngoma, aliyetazamwa vibaya kule Ilemba bila kosa, anasema ndipo alipomwona Kasimiri akiishika shingo ya gitaa lake, ambalo hata halikuwa limetolewa kwenye begi.

"Miaka yote hii," Kasimiri akasema.

"Miaka yote hii tumekuacha," akasema Flavian.

"Basi sawa."

Kila mtu uani pale alijua nafasi ile ni nini kwake. Kibanda cha stendi kinamlisha, lakini hakuna anayesimama stendi kumtazama. Watoto wake wamekwenda Mbeya na Dodoma na hupiga simu siku za sikukuu. Mbele kulia ndipo mahali pekee mjini Sumbawanga ambapo Kasimiri Beda huonekana kama anavyojiona. Aliambiwa namna ya kupahifadhi, na namna yenyewe ilikuwa nyepesi: asifanye kitu. Achomeke kilichopo, aache.

Mwishoni mwa Oktoba bendi ilikwenda Matai, kwenye harusi ya kijana anayeshughulikia mizigo ya forodha Kasesya. Ukumbi ulikuwa mpya, umeme wa ukutani ulikuwa imara, nusu ya wageni walikuwa madereva wa malori na jamaa zao wa pande zote mbili za mpaka. Kasimiri alivaa shati la hariri na makobazi. Alichomeka ile adapta ya volti tisa mbele ya Flavian, kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu cha jirani.

Akapiga. Kwa maelezo ya kila mtu aliyekuwapo, alipiga vizuri sana. Mwangwi ulikaa mahali pake. Sauti ilikwaruza pale alipotaka ikwaruze na kunyooka alipotaka inyooke, bila ule mvumo wa chini ambao bendi ilikuwa imeuzoea mpaka ikadhani ni sehemu ya gitaa. Bibi harusi aliingia na wimbo wake, shangazi zake wakamzunguka, sakafu ikajaa.

Nestory, kutoka nyuma, aliona kitu kingine.

"Alikuwa anasikiliza," anasema. "Kila akimaliza kipande anainamisha sikio chini, kwenye pedali. Kama mtu anayengoja kuitwa."

Hakuitwa. Hakuna mgeni aliyekuja kulalamika kwamba sauti imelala. Hakuna dereva aliyepiga kelele ya kutaka moto. Dereva mmoja, mtu mkubwa aitwaye Christopha, alikuja mbele akicheza, akamtunza, akamwinamia sikioni. Kasimiri anayakumbuka maneno yake vizuri kuliko anavyokumbuka ya Flavian.

"Mzee, leo gitaa limetulia. Tamu kabisa. Siku zote mngekuwa mnapiga hivi."

Mtu mwingine angeenda na neno hilo nyumbani akampe mkewe. Kasimiri alilipokea kama kofi.

Kisha likaja pumziko la chakula. Bendi ikashuka kwenda kwenye pilau. Kasimiri akasema atakuja.

"Nilimwona anainama," anasema Nestory, aliyekuwa na sahani mkononi. "Nikadhani anafunga kiatu. Nikaenda nikakaa. Nimekula nusu ndipo nikakumbuka amevaa makobazi."

Nestory hakuinuka. Anasema nyama ilikuwa nzuri.

Waliporudi jukwaani Kasimiri alikuwa amekwisha kusimama mahali pake, mbele kulia, kidevu juu. Flavian akahesabu. Wimbo ukaanza, na kwa mistari michache gitaa la solo lilinguruma kwa ule mvumo wa zamani, na Kasimiri akatabasamu kwa ukumbi mzima. Justa aligeuka. Alikuwa ameutambua mvumo kabla ya mtu mwingine yeyote, na alikuwa tayari anasogeza kidole kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya yake wakati pedali ya mwangwi ilipokatika. Za pembeni zikaifuata; hizi hazikuwa na ile nafasi ya ujinga. Safari hii haukuwapo hata moshi. Kulikuwa na mlio mdogo, kisha waya usiobeba kitu.

Justa hakusimamisha rizimu. Alimaliza mzunguko, akapanda juu kwenye shingo ya gitaa, akaanza kupiga mistari ya solo. Gitaa lake halikuwa na pedali hata moja. Lilikwenda moja kwa moja kwenye amplifaya, na sauti ilikuwa kavu, na watu waliendelea kucheza. Hilo ndilo ambalo video za Matai zinaonyesha, kwa mwenye moyo wa kuzitazama. Hakuna aliyesimama. Hakuna mbuzi, hakuna kikapu, hakuna aliyegeuza kichwa. Shangazi za bibi harusi wanazunguka, Christopha ana leso hewani, na mbele kulia yuko mtu aliyevaa shati la hariri akitembeza vidole juu ya nyuzi zisizotoa sauti, mpaka mwisho wa wimbo, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono.

Flavian aliinama kutazama. Ile adapta nyepesi ilikuwa imesukumwa nyuma ya spika. Kwenye ukuta ilining'inia nyeusi, nzito, swichi kwenye kumi na mbili. Kasimiri alikuwa ameibeba kutoka Sumbawanga kwenye begi la gitaa, ndani ya soksi.

Wiki mbili baadaye, kibandani kwake, aliulizwa kwa nini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu za watu zikiwa zimepangwa nyuma yake zikichajiwa. Alianza na umeme wa Matai, akauacha. Akaanza na pedali za mtu wa malori, kwamba zilikuja na ugonjwa, akaliacha na hilo.

"Ile tisa ilikuwa inalia vizuri," akasema.

Sasa kwa nini akaibadilisha?

"Ilikuwa inalia vizuri vile vile."

Ndiyo sentensi pekee ya kweli aliyoitoa katika mambo haya yote, na yaelekea hakukusudia. Kama tisa inalia sawa na kumi na mbili, basi kimoja juu hakikuwa kitu. Na kama hakikuwa kitu, jina juu ya mlango ni rangi tu, na zile redio zilikufa kwa mkono wake. Kati ya kuipoteza solo na kuijua habari hiyo mbele ya watu, alichagua kuipoteza solo, na akaipoteza kwa ufundi. Wapo watakaoona hapo jambo la kuhuzunisha. Liko, ila ni dogo, na pedali zilizokufa kwa ajili yake ni sita.

Mteja alifika wakati huo, mama mmoja aliyebeba redio ya jikoni, akaomba adapta ya volti sita. Kasimiri aliichukua moja kwenye msumari, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akasogeza swichi. Saba na nusu. Akaifunga kwenye mfuko.

"Hiyo itapumua, mama," akasema.

Flavian, ambaye hakuweza kumfukuza mtu hata baada ya yote hayo, amempa manyanga, yale ya kutikisa kwa mkono. Kasimiri alikubali siku ya tatu, kwa sharti ambalo bado linajadiliwa: anataka manyanga yawekewe maikrofoni. Justa ameulizwa maoni yake, naye amesema hana tatizo, mradi yeye ndiye atakayechomeka waya.

Jumamosi hii Bendi ya Lyamba inashuka Kipili kupiga kwenye harusi. Justa atasimama mbele kulia. Kasimiri atasimama nyuma, karibu na ngoma, na atapiga manyanga.